Kabla ya Kuchora: Utangulizi wa Uhandisi wa Thamani katika Barabara na Madaraja

Masika yakikolea Dar es Salaam, Barabara ya Morogoro hukatika pale Jangwani. Mto Msimbazi hupanda, maji hufunika lami, askari wa usalama barabarani hufunga njia, na jiji hubaki vipande viwili: Magomeni upande huu, Kariakoo na Posta upande ule. Karakana ya mabasi ya mwendokasi, iliyojengwa humohumo bondeni, imejaa maji na matope zaidi ya mara moja tangu mabasi hayo yaanze kubeba abiria mwaka 2016. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya kuendeleza bonde la Msimbazi. Miongoni mwa kazi za mradi huo ni kujenga daraja jipya refu pale Jangwani na kuihamisha karakana.

Barabara inayokatiza bonde la mto ina kazi mbili zenye uzito sawa. Ya kwanza ni kuvusha watu na mizigo. Ya pili ni kuuachia mto njia. Anayeanza usanifu kwa kuuliza upana wa lami na idadi ya njia amekwisha kuiruka kazi ya pili, wala hakuna atakayemkumbusha mpaka mvua kubwa inyeshe. Mombasa walilipata somo hilo kwa upande wa bahari. Tuta la Makupa lilivusha magari na treni kuingia kisiwani kwa miaka mingi, lakini lilizuia maji ya bahari kupwa na kujaa kati ya hori mbili, na uhai wa pale ukadhoofika. Mwaka 2022 magari yalihamia kwenye daraja lenye urefu wa takriban mita 457, ili maji yapite tena chini. Mahali pote pawili, kazi iliyosahauliwa mwanzoni ililipiwa baadaye kwa bei kubwa.

Uhandisi wa thamani ni utaratibu wa kuzitafuta kazi hizo mapema, zote, na kuuliza kila moja inaweza kutimizwa kwa njia ngapi, kwa gharama gani, kwa muda wote ambao barabara au daraja litatumika. Utangulizi huu nimemwandikia mwanafunzi wa uhandisi ujenzi, lakini pia diwani anayepitisha bajeti, mhasibu wa halmashauri, na mhandisi wa wilaya mwenye kilomita nyingi na fedha kidogo. Hisabati inayohitajika ni ya kawaida. Ugumu uko katika kuvumilia maswali.

Taaluma hii haikuzaliwa barabarani. Ilizaliwa katika idara ya manunuzi ya kampuni ya General Electric, Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia malighafi nyingi ziliadimika, na mhandisi Lawrence D. Miles alikuwa miongoni mwa waliopewa jukumu la kuzitafuta. Alipokosa kitu alichoagizwa, aliuliza kitu hicho kinafanya kazi gani, kisha akatafuta kingine cha kufanya kazi hiyohiyo. Ikadhihirika kwamba mara nyingi mbadala ulikuwa wa bei nafuu, na wakati mwingine ulifanya kazi vizuri zaidi. Kufikia mwaka 1947 alikuwa ameanza kuigeuza tabia hiyo kuwa utaratibu wenye hatua.

Kisa kinachosimuliwa sana ni cha asbesto. Kiwanda kilihitaji asbesto ya kutandika sakafuni chini ya mtambo wa kupakia rangi, ili matone ya rangi yasilete moto. Asbesto ilikuwa adimu na ghali. Ilipoulizwa ni ya kazi gani, ikapatikana karatasi isiyoshika moto, ya bei ndogo sana. Lakini kanuni za kiwanda za kuzuia moto ziliikataa, kwa kuwa ziliitaja asbesto kwa jina, na ilibidi kanuni zenyewe zibadilishwe. Nakipenda kisa hiki kwa sababu ya sehemu yake ya mwisho. Wengi tunadhani kikwazo cha wazo bora ni ukosefu wa ubunifu. Mara nyingi zaidi kikwazo ni waraka wa zamani uliotaja kitu badala ya kutaja kazi yake, na miongozo yetu ya usanifu ina sentensi nyingi za aina hiyo.

Mwaka 1954 Jeshi la Majini la Marekani liliuchukua utaratibu wa Miles, na mwaka 1959 wataalamu wa utaratibu huo wakaunda chama chao. Ulipoingia barabarani ulikuja kupata nguvu ya sheria. Sheria ya Marekani ya mwaka 1995 kuhusu mtandao wa barabara kuu za taifa ilidai uchambuzi wa thamani kwa kila mradi wa mtandao huo wenye fedha za serikali kuu na gharama ya dola milioni 25 au zaidi. Mwaka 2005 madaraja yakawekewa kiwango chao cha dola milioni 20, na mwaka 2012 viwango vikapandishwa hadi dola milioni 50 kwa barabara na milioni 40 kwa madaraja. Si lazima tunakili viwango hivyo. Kinachofaa kunakiliwa ni kwamba uchambuzi haukuachiwa hiari ya meneja wa mradi, ambaye daima ana sababu nzuri ya kusema muda hautoshi.

Sasa tuingie ndani ya kazi yenyewe. Kila sehemu ya mradi huandikiwa kazi yake kwa kifupi kadiri inavyowezekana: kitendo kimoja na kitu kimoja. Nguzo: kubeba mihimili. Mtaro: kuondoa maji. Kingo za daraja: kuzuia magari. Tabaka la changarawe chini ya lami: kusambaza uzito. Ufupi huu una maana yake. Mtu akiandika "kujenga boksi kalavati", amekwisha kuchagua jibu kabla ya swali. Akiandika "kupitisha maji", milango yote ingali wazi: kalavati ya mabomba, daraja mfuto linaloruhusu maji kupita juu kwa saa chache wakati wa mvua kubwa, daraja la kawaida, au kuisogeza barabara mita mia mbili hadi pale ambapo korongo ni jembamba.

Baada ya orodha huja maswali mawili yanayovuta pande mbili. Kazi hii inafanyika kwa ajili gani? Na inafanyikaje? Ukiuliza la kwanza unapanda kuelekea lengo. Ukiuliza la pili unashuka kuelekea vifaa. Katika miaka ya 1960 Mmarekani Charles Bytheway aliyapanga maswali hayo katika mchoro unaotumika hadi leo katika fani hii. Chukua tuta refu la kuingilia daraja. Kwa nini tuta? Kuinua barabara. Kwa nini kuinua barabara? Kufikia kimo cha sitaha. Kwa nini sitaha iwe juu hivyo? Kuruhusu mafuriko na magogo yapite. Kumbe gharama ya vifusi vyote vile inategemea namba moja, yaani kimo cha mafuriko, na namba hiyo ilitolewa na mtu mmoja kwa kumbukumbu za mvua za miaka michache. Hapo timu inajua mahali pa kuweka fedha ya utafiti: kuwauliza wazee wa kijiji maji yalifika wapi, kupima alama kwenye miti, kuihakiki hesabu ya mto. Kimo kinaweza kushuka. Kinaweza pia kupanda, na hilo nalo ni faida, kwa sababu limejulikana kabla daraja halijasombwa.

Mfano wa nyumbani ninaoupenda kuliko yote ni madaraja ya mawe. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanza kazi mwaka 2017, umejenga madaraja mengi ya aina hii katika mikoa kadhaa, Kigoma ikiwemo, ambako shirika la maendeleo la Ubelgiji lilisaidia kuueneza ujuzi. Kwa kipimo cha TARURA wenyewe, gharama hushuka kwa zaidi ya nusu zikilinganishwa na za daraja la zege na nondo la ukubwa huohuo. Inafaa kutazama kwa karibu kwa nini inawezekana.

Daraja la kawaida la zege hubeba mzigo kwa kupinda. Sehemu ya chini ya sitaha huvutwa, na zege ni dhaifu likivutwa, ndiyo maana huwekwa nondo. Nondo husafirishwa kutoka mbali, na hudai fundi wa kuzikata na kuzifunga, zege lenye viwango, na mara nyingi mtambo wa kulichanganyia. Daraja la mawe, lenye umbo la tao, hubeba kwa kugandamiza. Mzigo ukishuka juu ya tao, kila jiwe hulisukuma jirani yake, na msukumo husafiri hadi kwenye kuta za kando na kuingia ardhini. Jiwe halina tatizo na kugandamizwa. Kwa hiyo nondo hazihitajiki kwenye tao, na fedha iliyokuwa iende kununua chuma hubaki kijijini kama malipo ya wavunja mawe, wabebaji na waashi. Mafundi hutengeneza kwanza umbo la tao kwa mbao na miti, hupanga mawe juu yake wakianzia pande zote mbili na kukutana katikati, hushikisha kwa saruji na mchanga, na hungoja mpaka saruji ikomae ndipo wabomoe mbao. Likikamilika, hakuna chuma cha kuliwa na kutu. Ukarabati wake hufanywa na mwashi wa hapohapo, kwa jiwe la hapohapo.

Ila mchambuzi wa thamani haishii kwenye sifa. Tao husukuma pembeni, hivyo kando za mto zikiwa za udongo laini, kuta zitasogea na tao litapasuka. Mahali ambapo mwamba uko mbali, usafirishaji wa mawe hula faida yote. Mto mpana unaobeba magogo hudai uwazi mkubwa, na matao mengi madogo yatageuka kichujio cha takataka. Madaraja ya mawe ni jibu zuri la swali fulani, mahali fulani. Wilaya yenye mawe, makorongo ya mita chache, magari machache na vijana wasio na ajira haina udhuru wa kutolifikiria. Wilaya ya bonde la tope itafute jibu jingine, na mpango wa taifa unaodai aina moja ya daraja kila mahali, hata ikiwa ni hii nzuri, unarudia kosa la waraka wa asbesto.

Kuhusu hatua za kazi nitapita haraka, kwa kuwa zinajifunzika kwa kuzifanya. Timu hukusanya taarifa, huchambua kazi, hutoa mawazo bila kuyahukumu, huyapima, huyaendeleza machache yaliyobaki hadi yawe na michoro na bei, kisha huyawasilisha kwa wenye uamuzi. Kwa kawaida huchukua siku chache za kukaa pamoja. Wajumbe wakuu wasiwe waliousanifu mradi huo. Msanifu anaitwa kueleza na kujibu, lakini si haki kumtaka avunje kwa mkono wake alichokijenga. Zaidi ya mhandisi wa barabara awepo mtu wa maji na mito, mtu wa udongo, mkadiriaji wa gharama, mtu wa mazingira, na yule ambaye karibu kila mara husahauliwa: atakayelitunza daraja. Yeye ndiye anayejua kwamba viungio vya sitaha huziba mchanga, kwamba mashimo ya kutolea maji huziba takataka, na kwamba taa za juu haziwaki tena baada ya mwaka wa pili.

Wakati wa kukaa ndio unaoamua mavuno. Njia inapokuwa bado ni mstari kwenye ramani, kuisogeza hugharimu karatasi na siku kadhaa za upimaji. Usanifu wa kina ukikamilika, kila badiliko hufungua upya mahesabu ya mihimili, orodha ya kazi na bei, tathmini ya mazingira na majina ya wanaostahili fidia. Mkandarasi akiwa tayari eneo la kazi, kinachobaki ni kupunguza unene wa kitu fulani. Nchi zetu zina ukaguzi wa thamani ya fedha, tena ulio makini. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa Tanzania husomwa na kujadiliwa bungeni. Lakini mkaguzi hufika baada ya lami kumwagwa. Anaweza kueleza fedha ilivyopotea, hawezi kuisogeza barabara. Natamani sehemu ndogo tu ya nguvu tunayoiweka katika kukagua tungeiweka katika kuchambua, wakati upembuzi yakinifu ungali mezani.

Baada ya mkataba kusainiwa bado kuna mlango mmoja. Mikataba inayofuata masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, toleo la mwaka 1999, ina kifungu, cha 13.2, kinachomruhusu mkandarasi kupendekeza badiliko litakaloharakisha kazi, kupunguza gharama za kujenga au kuendesha, au kumwongezea mwajiri thamani. Ni kifungu chema, na hutumika kidogo mno kwetu. Kinahitaji mhandisi mshauri anayejiamini, mwenye uwezo wa kutofautisha pendekezo linalotimiza kazi kwa njia bora na lile linalopunguza kazi yenyewe.

Tofauti hiyo ndiyo moyo wa taaluma hii, na ndipo jina lake linapochafuliwa mara kwa mara. Kuna miradi ambako bajeti imezidi, kikao kimeitishwa, na kalamu imepita juu ya mitaro, kuta za kulinda kingo, njia za waenda kwa miguu na alama za barabarani, kisha zoezi zima likaitwa uhandisi wa thamani. Huko ni kukata. Mtaro una kazi ya kuondoa maji. Ukiufuta, maji hayajafutwa, yatapita chini ya lami. Njia ya waenda kwa miguu ikiondolewa, watoto wa shule hawaachi kutembea, wanahamia ukingoni mwa barabara ya magari. Pendekezo lolote linaloondoa kazi ya lazima bila kuitafutia njia nyingine lirudishwe kwa mwenyewe, hata likiokoa mabilioni.

Wahenga walisema rahisi ni ghali, na hesabu ya gharama ya maisha yote ya mradi inatuwezesha kusema ni ghali kiasi gani. Hapa pana namba moja ambayo mpita njia haioni, nayo huamua mengi: kiwango cha kuishusha fedha ya baadaye iwe ya leo. Tuseme daraja la bei nafuu litahitaji ukarabati wa shilingi milioni 100 katika mwaka wa 20. Ukiishusha fedha hiyo kwa asilimia 12 kwa mwaka, leo inaonekana kama milioni 10 na ushei. Ukiishusha kwa asilimia 6, inaonekana kama milioni 31. Daraja ni lilelile, kutu ni ileile, lakini kwa kiwango cha kwanza daraja la nafuu hushinda kwa urahisi, na kwa cha pili pengine lile imara ndilo hushinda. Kwa hiyo mbele ya jedwali lolote la kulinganisha, uliza kiwango hicho kwanza. Kisha uliza kama fedha ya ukarabati itakuwepo kweli mwaka huo. Barabara ya changarawe huonekana rahisi siku ya kukabidhiwa, lakini kila mwaka changarawe hupeperushwa na kusombwa, na inapasa kuletwa nyingine. Ndiyo sababu mwongozo wa Tanzania wa barabara zenye magari machache, wa mwaka 2016, unafungua njia ya kutumia lami nyepesi na udongo wa karibu ambao viwango vya barabara kuu vingeukataa.

Uzito wa magari nao uingizwe katika hesabu. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara ya ekseli kwa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Ekseli iliyozidi kwa asilimia 20 huumiza lami kama mara mbili ya ile halali. Timu inayojadili kuongeza unene wa lami kwenye njia ya malori ya mizigo iweke mizani kwenye meza hiyohiyo: kazi ni kulinda tabaka za barabara, na kuna njia mbili za kuifanya, ya kuzinenepesha na ya kuzuia mzigo haramu.

Bado kuna eneo ambalo taaluma hii haijakomaa, na ningependa msomaji aingie akilijua. Faida za barabara kwa kawaida hupimwa kwa mafuta, vipuri na muda unaookolewa na wenye magari. Palipo na magari kumi kwa siku, faida hizo ni ndogo, na daraja la kijiji hushindwa kwenye jedwali. Lakini waliovuka pale tangu alfajiri ni wanafunzi, akina mama wenye ndoo na mazao, bodaboda, mkokoteni wa punda. Benki ya Dunia ilitengeneza kielelezo cha kiuchumi kwa ajili ya barabara zenye magari machache, RED, ambacho kinaruhusu wasio na magari na faida za kijamii kuingizwa. Nafasi ipo kwenye jedwali, ila mara nyingi huachwa tupu, kwa sababu hakuna aliyetumwa kwenda kuhesabu.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ninalolipendekeza halihitaji kompyuta. Chagua kivuko cha korongo karibu na unapoishi. Kaa hapo siku ya gulio na siku isiyo ya gulio, kuanzia alfajiri hadi magharibi, uhesabu kila anayevuka na alichobeba, na uwaulize wachache wanakwenda wapi na maji yakijaa hufanya nini. Kisha andika kazi za daraja ambalo bado halipo, kila moja kwa kitendo chake na kitu chake, kabla hujachora mstari wowote.